Bahati nasibu ya bure mtandaoni: hela ya zawadi inatoka wapi?

Wiki haiishi bila mtu kutupia kwenye grupu linki ya "cheza bure ushinde". Wengine mnaipita, wengine mnabonyeza kimya kimya usiku mkishamaliza kujibu wateja (tunajuana 😄). Leo tuifungue hii biashara tuone ndani kuna nini. Ni biashara kweli, kama ya kwako, ila bidhaa inayouzwa pale siyo unayodhani.

Chukua mfano wa Uingereza. Kule kila kipande cha mtaa kina postikodi yake, moja inabeba nyumba kama 15 hivi, na nchi nzima zipo zaidi ya milioni 1.7. Mwaka 2011 jamaa anaitwa Chris Holbrook akafungua tovuti ya Free Postcode Lottery, siku hizi inaitwa Pick My Postcode. Unajisajili kwa postikodi na barua pepe, hulipi hata senti. Kila siku droo inachezeshwa, postikodi yako ikitoka unadai hela yako. Kama jirani yako naye amejisajili na amedai, mnagawana.

Sasa sikiliza hapa. Ukishinda hupigiwi simu. Lazima uingie mwenyewe, siku ileile, uangalie, udai. Usipoingia imekula kwako, na hela inasogea kwenye droo inayofuata. Droo moja huoni matokeo mpaka upitie video ya tangazo, nyingine mpaka ujibu maswali ya dodoso. Na kuna bonasi ndogo inayokua kadiri unavyoingia, ili ukikosa siku moja roho ikuume.

Yaani kinachouzwa ni macho yako. Mtangazaji analipia watu waliofika pale, na mwenye tovuti anakata kipande kidogo anakirudisha kama zawadi.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme mtangazaji analipa shilingi 2,000 kwa kila mara 1,000 tangazo lake linapoonekana. Watu 500,000 wakiingia kwa siku, kila mmoja akaona matangazo matatu, hapo ni mara milioni 1.5, sawa na shilingi milioni 3 kwa siku. Akitoa laki tano za zawadi bado amekaa vizuri. Sasa weka peji yenye watu 3,000 kwa hesabu hiyohiyo: shilingi 18,000 kwa siku. Hapo hata bando na muda wako havijatolewa. Ndiyo maana mchezo huu unamlipa mwenye umati mkubwa. Ukiona tovuti mpya, haina matangazo ya maana, haina watu, halafu inaahidi mamilioni kila siku, jiulize hiyo hela inachimbwa wapi.

Wamarekani waliujaribu mapema sana, tena kwa kishindo. Mwaka 1999 ilifunguliwa iWon, nyuma yake wakiwepo CBS wa televisheni. Ukitafuta vitu na kubonyeza linki ndani ya tovuti yao unapata nafasi za kuingia kwenye droo: dola 10,000 kila siku, dola milioni moja kila mwezi, na dola milioni 10 mara moja kwa mwaka. Baadaye kidogo soko la matangazo ya intaneti likaporomoka na tovuti nyingi zilizokula kwa matangazo zikafa. iWon yenyewe ilipona, ikaja kuingia mikononi mwa Ask Jeeves mwaka 2004, lakini funzo liko wazi kwa mtu wa biashara: matangazo yakipungua, zawadi nayo inanywea.

Je, ni utapeli? Hapana, siyo yenyewe. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 2005, ili kitu kihesabiwe bahati nasibu lazima mchezaji awe amelipa kuingia. Usipolipa, mambo ni tofauti. Tatizo linaanza pale "bure" inapoota miguu. Matapeli wanapenda kuazima majina ya tovuti halali: unapata ujumbe umeshinda, tuma kwanza ada ya kutolea mzigo, au kodi, au namba ya siri "tuhakikishe ni wewe". Droo ya bure haina ada ya kudai. Ikishaomba hela, funga.

Kwa muuzaji kuna hatari ya ziada. Namba unayojisajilia ndiyo hiyohiyo wateja wanalipia na ndiyo WhatsApp ya biashara. Ukiimwaga kwenye tovuti kumi za droo, jiandae na meseji za matangazo, na siku moja atakuja mtu anajifanya mtoa huduma anaomba kodi uliyotumiwa kwenye simu. Ukitaka kucheza, fungua barua pepe ya pembeni, namba ya biashara iache ipumzike.

Halafu muda. Dakika 15 kila siku ni saa 7 na nusu kwa mwezi. Na kama droo ni moja kwa siku, ikichagua kati ya postikodi milioni 1.7, zamu yako kwa wastani inakuja baada ya miaka zaidi ya 4,600. Zikiwa droo kumi kwa siku, miaka 460. Cheza kama unavyosikiliza redio, usiiweke kwenye bajeti ya kuongeza mzigo.

Najua kuna ambao wameshaanza kuwaza: "Na mimi niweke droo kwenye peji yangu." Wazo siyo baya, zawadi ya gauni moja inaweza kuleta watu. Ila mawili uyajue. Facebook hairuhusu kulazimisha watu washee kwenye ukurasa wao binafsi au watagi marafiki ndiyo waingie kwenye droo, na unatakiwa uandike kwamba Facebook haihusiki na shindano lako. Zile "shea kwa watu kumi ushinde" zinaweza kukufungia peji uliyoijenga miaka mitatu. La pili, kwa walio Tanzania, michezo ya aina hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kabla hujatangaza droo ya zawadi, waulize kwanza kama unahitaji kibali, hasa ukitaka watu wanunue ndiyo waingie. Njia nyepesi kuliko zote ni kuachana na droo kabisa: mpe kila anayenunua mara ya tatu punguzo au usafiri wa bure. Hapo hakuna bahati, kila mtu anajua anachopata.