MaikroRNA na Kuenea kwa Saratani ya Tezi Dume

Saratani ya tezi dume humtatiza tabibu kuliko nyingi nyinginezo, kwani aghalabu hukaa mwilini miaka mingi bila ya kumdhuru mwenyewe, na mara nyingine huitoka tezi ikaingia mifupani na kumwangamiza. Sababu mojawapo ya hitilafu hiyo imo katika vipande vidogo mno vya RNA viitwavyo maikroRNA, ambavyo Victor Ambros na Gary Ruvkun walivigundua katika mnyoo mdogo wa udongoni, wakatangaza habari zake mwaka 1993, na kwa ajili hiyo wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Kipande kimoja kina herufi zipatazo 22 tu, wala hakiundi protini. Kazi yake ni kuzuia. Hubebwa na protini iitwayo Argonaute, ikazunguka nacho katika seli kutafuta ujumbe uliotoka kwenye jeni, na pale herufi zake chache za mwanzoni zinapooana na herufi za ujumbe huo, ujumbe hunyamazishwa au huvunjwa kabla ya kutimizwa.

Tuitazame miR-101, ambayo habari yake ni dhahiri zaidi. Katika seli salama huidhibiti EZH2, protini yenye kutia alama kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka, na kwa alama hizo jeni nyingi, zikiwamo zile zenye kuukinga mwili na uvimbe, hufungwa zisisomwe. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba jeni ya miR-101 ilikuwa imepotea katika uvimbe 6 kati ya 16 ambao haujatoka katika tezi, na katika 22 kati ya 33 ambao umekwisha kusambaa. Hesabu hizo ni ndogo, na ni wajibu kuzisoma kwa hadhari. Lakini kadiri miR-101 ilivyopungua ndivyo EZH2 ilivyozidi, na mimi naona hapo ndipo penye kiini cha jambo zima, ya kuwa saratani hupata nguvu pia kwa kukipoteza kizuizi.

Zipo pia maikroRNA nyingine, kama miR-21, ambazo huidhuru seli kwa kuzidi, si kwa kupotea.

Kurudisha kilichopotea ni kazi ngumu. MiR-34a, maikroRNA nyingine yenye kuzuia uvimbe, ilipotiwa katika panya wenye saratani hii, ilizuia uvimbe na kuenea kwake. Ila dawa iliyotengenezwa kwa mfano wake, ikajaribiwa kwa wagonjwa wa saratani mbalimbali, iliamsha kinga ya mwili kwa ukali hata majaribio yakasitishwa mwaka 2016, na tangu hapo juhudi kubwa imekuwa ni kuifikisha kwenye uvimbe wenyewe pasi na kuugusa mwili mzima.