Bajeti Nayo ni Sehemu ya Fani

Katika semina moja mwenzetu alidai kwamba tamthilia ya televisheni ikikatishwa, basi ni kwa kuwa watazamaji wameichoka. Tukanyamaza wote, hata mimi. Leo najibu, ingawa nimechelewa.

Tuchukue Star Trek ya Gene Roddenberry, iliyoonyeshwa na NBC ya Marekani toka 1966 hadi 1969. Nasi inatugusa kidogo: jina la mhusika Uhura limetokana na neno letu "uhuru", na katika kipindi kimoja cha 1967, kumbukumbu zake zikiisha kufutwa, ulimi wake unarudia Kiswahili.

Je, nani alikuwa mnunuzi wa kazi hii? Si mtazamaji, yeye alitazama bure. NBC iliuza macho ya mtazamaji kwa wafanyabiashara wenye matangazo. Macho yakipungua, bei ya tangazo hushuka. Bei ikishuka, kituo hujiuliza kama kipindi kinalipa. Na Star Trek ilikuwa ghali: vyombo vya angani, maleba, sayari mpya kila mara.

Msimu wa pili ukiendelea, mashabiki waliandika barua kwa maelfu. NBC ikakubali kuendelea. Lakini wapi! Kipindi kikasogezwa Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana wengi wako matembezini, na bajeti ikapunguzwa. Tazama "Spectre of the Gun" (1968): mji una kuta za mbele tu, mbingu nyekundu. Mhakiki atasema hiyo ni ishara ya ndoto. Sawa, na hadithi yenyewe inaruhusu. Ila ni ishara ya mfuko mtupu pia.

Sisemi pesa ndiyo kila kitu. Msimu huo Roddenberry alikuwa amejitenga na kazi ya kila siku, na hadithi nyingine ni dhaifu kweli. Hata hivyo, baada ya 1969 vipindi vilevile 79 vilirudiwa na vituo vya miji mbalimbali, kwa saa nyingine, hadhira ikafurika. Mwaka 1979 ikatoka filamu. Kazi haikubadilika. Kilichobadilika ni saa na muuzaji.

Basi, ndugu mhakiki, kabla hujaandika kwamba mtunzi ameishiwa, uliza kwanza: aliyeishiwa ni fanani, au ni mfuko wa aliyemwajiri?