Rangi ya Gari: Tubandike au Tupake?

Gari la familia hununuliwa kwa jasho, na fundi anayetuambia kwamba dawa ya keramiki itazuia kokoto anatupotosha. Dawa hiyo hupakwa ikiwa majimaji, kisha hukauka kuwa tabaka jembamba mno. Tope haligandi, kinyesi cha ndege hakili rangi upesi, lakini jiwe hulipenya. Plastiki angavu ya kubandika, yenye unene wa karibu milimita 0.2, ndiyo humeza pigo la jiwe. Bei yake, jamani! Sisi tunaopita barabara za changarawe kila siku tungebandika boneti na bampa ya mbele tu. Kwingine, maji na sabuni laini vinatosha. Mikwaruzo iliyopo isuguliwe kwanza, maana plastiki na dawa huifunika bila kuiondoa.