Ingia Ndabaka Saa Sita Mchana

Familia ya Mwanza ikipanga kwenda kulala hemani Serengeti, maswali yake ya kwanza huwa gari na pesa. Mimi naomba waanze na saa. Kwa anayelala ndani ya hifadhi, kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24 tangu anapopita getini, na akizidisha analipia tena. Anayekimbilia kuingia geti linapofunguliwa saa 12 asubuhi, kesho yake muda unamwishia alfajiri, simba na fisi wakiwa bado njiani. Anayeingia saa 6 mchana anapata jioni nzima na asubuhi nzima, na hizo ndizo nyakati za kuona wanyama. Jua likiwa kali, wengi wao wamejilaza vivulini.

Mkazi wa Buhongwa barabara inamsaidia. Hana haja ya kupita mjini. Anakwenda Usagara, anakata kushoto kushika barabara ya Kisesa, na anatokea kwenye barabara ya Musoma. Hapohapo Kisesa kuna Bujora, makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Msiipite. Watoto waone ngoma za watemi, waelezwe habari za Bagika na Bagalu, makundi ya wachezaji ngoma yenye ushindani wa tangu enzi za mababu. Mtoto wa Kisukuma aliyezaliwa mjini anastahili kujua hayo kabla ya kujua majina ya swala.

Baada ya Magu mnafika Lamadi. Hapo kuleni, jazeni mafuta na maji ya kunywa. Geti la Ndabaka liko mbele kidogo, kando kabisa ya lami. Fedha taslimu hazipokelewi: unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu au benki. Beba kitambulisho cha NIDA, maana ndicho kinachokuwezesha kulipa kwa shilingi, kiwango cha raia. Watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi, na wa kati ya miaka 5 na 15 wana kiwango chao cha chini.

Ndani, wengi huharibu safari kwa kukimbilia Seronera, katikati ya hifadhi. Ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi, mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, na usiku hakuna kuendesha. Mwenye siku moja alale upande wa Kirawira, karibu na mto Grumeti. Mto huu una mamba wakubwa sana, na kwenye miti ya kingo zake wanaishi mbega. Mwache mtoto akae na darubini nusu saa mahali pamoja. Ataona mengi kuliko aliyezungushwa mchana kutwa.

Upande huu wa magharibi una mambo mawili ya kuheshimu. La kwanza ni udongo: mfinyanzi mweusi, uleule wa mbuga za Usukumani. Ukiwa mkavu unapitika vizuri, ukinyeshewa unashika tairi na hauachii, hata kwa gari la magurudumu manne. La pili ni mbung'o. Mdudu huyu huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni kaki au kijani kilichopauka, mikono mirefu, na jinzi za watoto zibaki nyumbani.

Kambini, chakula chote kilale ndani ya gari, pamoja na sufuria zilizotumika na viatu. Fisi hubeba hata ndara. Zipu ya hema ifungwe hadi mwisho. Mtoto akitaka kwenda chooni usiku amwamshe mzazi, na mzazi amulike tochi pande zote kwanza. Mkiona macho yanang'aa, rudini ndani mngoje. Wanyama mara nyingi hulikwepa hema lililofungwa. Hatari huanza mtu anapotembea gizani.

Mkitoka siku ya pili mchana, msigeuze moja kwa moja kurudi Mwanza. Endeleeni Bunda hadi Makutano, mkate kwenda Butiama, alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Pana makumbusho yake, na kwa watoto waliotoka Serengeti pana la kusimuliwa: Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu alitoa tamko mjini Arusha kwamba Tanganyika itawatunza wanyamapori wake kwa ajili ya watoto na wajukuu.

Mwezi wa kwenda ni Juni. Shule zimefungwa, masika yamekwisha, udongo umeanza kukauka, na kwa kawaida nyumbu wanakuwa upande wa Grumeti. Bujora nako ni msimu wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Ulizieni nafasi ya kambi mapema, kabla Mei haijaisha.