Ada za Watu wa Sauti Isiyozeeka

Katika Japani ya zama zetu imezuka jamii ya watu ambao ada yao kubwa ni kutunga nyimbo kwa ajili ya sauti isiyotoka katika koo la mwimbaji, na ajabu ya nyimbo hizo, iliyonifanya nizipende na kuzitafakari, ni kwamba aghalabu hazizungumzii mambo yajayo, kama ambavyo mtu angalitazamia kwa kazi ya mashine, bali huzungumzia yaliyopita: kiangazi kinachokwisha, mlio wa nyenze jioni, kivuko cha reli kilicho karibu na skuli, na rafiki ambaye hakuambiwa neno lililostahili kuambiwa. Wasioijua jamii hii huuliza vipi sauti isiyo na utoto iweze kuutamani utoto. Rai yangu ni kwamba sauti ile haikumbuki kitu, wala haidai kukumbuka. Kumbukumbu zimehifadhiwa katika ada za watu wanaoizunguka.

Kampuni ya Yamaha ilitangaza mwaka 2003 programu ya kompyuta iitwayo Vocaloid, iliyotokana na utafiti uliofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, na kampuni ya Crypton Future Media ya mji wa Sapporo ikaitolea programu hiyo waimbaji, na mashuhuri kuliko wote ni Hatsune Miku, binti wa kubuni aliyetoka tarehe 31 Agosti 2007 akiwa na nywele ndefu za rangi ya feruzi na umri wa miaka 16. Sauti yake iliazimwa kwa mwigizaji Saki Fujita, aliyerikodiwa akitamka mifuatano ya silabi zisizo na maana, ambazo programu huzikata na kuziunga upya kwa kadiri ya noti na maneno iliyopewa. Kuunga huko si kazi nyepesi. Mtunzi hukaa usiku mbele ya kompyuta akapanga silabi moja moja, kisha akarudi kuzitengeneza: hapa airefushe irabu, pale aipandishe sauti taratibu asiiache iruke, atie pumzi ndogo kabla ya ubeti kuanza, na mtetemo aucheleweshe hadi katikati ya noti kama afanyavyo mwimbaji stadi. Masikio mazoefu humtambua mtunzi kwa mkono wake huo kabla hata ya kuliona jina lake, ingawa sauti ni ile ile iliyouzwa kwa wote.

Jina nalo, mtu hakujipa mwenyewe. Katika miaka ya mwanzo watunzi wengi walitoa nyimbo zao bila ya kujitaja, na wasikilizaji ndio waliowapa lakabu, yenye herufi P mwishoni, kutokana na wimbo au jambo walilolikumbuka kwao. Kuna pia ada ya idhini: Desemba 2007 Crypton ilifungua uwanja uitwao Piapro, ambapo huyu huweka picha, yule muziki, mwingine mashairi, na kila mmoja akaweza kukitumia cha mwenzake kwa masharti yanayojulikana, akamtaja na kumshukuru. Kwa hiyo wimbo mmoja huwa na wazazi wengi, na ukishatoka, wengine huuimba kwa koo zao, wengine huucheza, wengine huupiga kwa ala za jadi, wala mtunzi haoni kuwa ameibiwa.

Lakini katika ada zote hakuna iliyonigusa kuliko ile ya maandishi yapitayo. Nyimbo hizi zilipata makao yao ya kwanza katika Niconico, tovuti ya video iliyoanzishwa Desemba 2006, ambako maneno ya watazamaji hupita juu ya picha yenyewe, kutoka kulia kwenda kushoto, na kila neno limefungwa kwenye sekunde ya wimbo lilipoandikiwa, si kwenye tarehe lilipoandikwa. Mtu asikilizaye peke yake chumbani huona kiitikio kinakaribia, maneno yakaanza kumiminika, yakajaa, yakaifunika picha: huyu ameandika jana, yule mwaka juzi, na huenda huyo wa mwaka juzi ameshaacha kabisa kuzisikiliza nyimbo hizi, lakini wote wanaitikia kwa pamoja. Juni 2024 Niconico iliposhambuliwa na wadukuzi ikafungwa kwa karibu miezi miwili, wahandisi wake walijenga kwa haraka makao ya muda, na miongoni mwa vitu walivyowawekea watu humo zilikuwa video mashuhuri za mwaka 2007.

Wimbo unaoidhihirisha vyema hali hii ni "Sakura no Ame", alioutoa mtunzi halyosy mwaka 2008 kwa sauti ya Miku. Katika Japani mwaka wa skuli humalizika Machi, wakati wa micheri kukaribia kuchanua, na mahafali ni jambo la heshima kubwa: wanafunzi husimama kwa safu ukumbini, huitwa mmoja mmoja, kisha huimba pamoja wimbo wa kuagana. Huu ulitungwa kwa ajili ya siku kama hiyo, nao ukapangwa kwa kwaya, skuli zikauchukua, ikawa sauti isiyokaa darasani hata siku moja ndiyo iliyowafunza watoto namna ya kuliaga darasa. Leo wengi wa watoto hao ni watu wazima wenye kazi na majukumu. Wakiusikia, sauti ya Miku huwaletea sauti za wenzao waliosimama nao kulia na kushoto. Yeye amebaki na miaka 16, wao wamesogea, na kila mwaka upitao huzidisha masafa baina yao. Sauti ya mwimbaji wa kawaida huzeeka pamoja na msikilizaji, ikamficha umri wake, hii haimfichi.

Hata mauti yameingia katika jamii hii. Mtunzi wowaka, aliyetoa "Rolling Girl" mwaka 2010, alifariki Aprili 2019 akiwa na miaka 31, na nyimbo zake zingali katika sauti ile ile aliyozitungia. Mwaka huo huo, katika Kohaku, tamasha la shirika la utangazaji la NHK la kufunga mwaka, kompyuta iliundiwa sauti ya mwimbaji marhumu Hibari Misora, aliyefariki mwaka 1989, ikaimba wimbo mpya ambao yeye hakuujua. Wapo waliolia kwa furaha, na wapo walioona ni kumkosea heshima maiti. Mimi nipo pamoja na hao wa pili, kwani Fujita aliazima sauti yake kwa ridhaa, na Hibari hakuulizwa.

Sachiko Kobayashi, mwimbaji mkongwe wa enka, nyimbo ambazo wazee wa Japani huzisikiliza wakikumbuka vijiji vyao, alikubali mwaka 2015, akiwa hai, sauti yake ifanywe Vocaloid. Desemba ya mwaka huo alipanda jukwaa la Kohaku kwa koo lake mwenyewe na kuimba "Senbonzakura", wimbo ambao Kurousa-P aliutunga mwaka 2011 kwa sauti ya Miku, wenye picha za enzi ya Taisho ambayo si mtunzi wala wasikilizaji wake vijana walioiona. Na nyuma yake, mbele ya taifa zima, yakapita maandishi ya watazamaji.