Katika ndege, ukosefu wa oksijeni hauumi: usingoje kusikia vibaya

Mwenzi mufanyakazi,

Wewe unayefanya kazi chini ya udongo unajua sheria hii: pahali hewa haijapimwa, hauingii. Haungoji kichwa kianze kuuma, sababu mutu anayekosa hewa nzuri anaweza kuanguka bila kusikia maumivu yoyote. Siku unapopanda ndege kwenda Kinshasa ao mbali zaidi, sheria ni ile ile.

HEWA YA JUU

Katika hewa tunayopumua, sehemu 21 juu ya 100 ni oksijeni. Hesabu hiyo haibadiliki, hata ukipanda juu sana. Kinachopunguka ni nguvu ya hewa inayosukuma oksijeni iingie katika damu. Uwanja wa ndege wa Lubumbashi uko karibu metre 1.300 juu ya bahari, na mwili wako umezoea. Kwa metre 5.500, nguvu ya hewa inabaki nusu tu. Ndege kubwa zinaruka kwa metre 10.000 na kupita. Kwa hiyo mashini zinasukuma hewa ndani ya ndege, ili wasafiri wawe kama watu walio juu ya mulima usiopita metre 2.400.

ADUI ANAYEDANGANYA

Mutu anayepungukiwa oksijeni halalamiki. Mara nyingi anasikia furaha na kujiona mwerevu, huku mikono inakosa kazi na akili inalala.

Mwaka 1875, Wafaransa watatu walipanda kwa baloni Zénith kupita metre 8.000. Walikuwa na mifuko ya oksijeni, lakini walingoja wakati wa shida. Walipoitaka, mikono haikuweza kuinuka tena. Crocé-Spinelli na Sivel walikufa. Tissandier peke yake alirudi muzima.

Tarehe 14 Agosti 2005, ndege ya kompanyi Helios ilitoka Larnaca, katika Kupro, kwenda Athens. Kifungo cha kuongoza hewa ya ndani kilikuwa kimeachwa pahali pasipofaa. Kengele ililia, lakini mapiloti hawakutambua maana yake, na hawakuvaa vinyago. Watu wote 121 walikufa.

KWA MAPILOTI

Katika ndege ndogo isiyosukumiwa hewa, piloti anapaswa kutumia oksijeni akikaa zaidi ya dakika 30 juu ya metre 3.000. Kupita metre 4.000, ni wakati wote. Usiku macho yanachoka mbele ya viungo vingine, na moshi wa sigara unazidisha hatari, sababu unachukua nafasi ya oksijeni katika damu.

KINYAGO KIKIANGUKA MBELE YAKO

1. Kivute mpaka usoni. Katika ndege nyingi, kuvuta huko ndiko kunakofungua oksijeni.

2. Funika pua na kinywa, pitisha mupira nyuma ya kichwa, pumua kama kawaida. Kamufuko kasipojaa, usiogope: oksijeni inapita.

3. Vaa wewe kwanza, kisha umuvalishe mutoto. Mama atasema: «Namna gani nijiokoe mbele ya mutoto wangu?» Sikia, mama: kwa metre 10.700, mutu anabaki na akili timamu nusu dakika mpaka dakika moja tu. Ukizimia wewe, hakuna wa kumusaidia mutoto. Akizimia yeye, nawe umevaa, utamuvalisha na ataamka.

4. Kaa, funga mukaba. Oksijeni hiyo inadumu karibu dakika 12 mpaka 15. Inatosha, sababu piloti anashuka haraka mpaka karibu metre 3.000. Usiwashe moto hata kidogo.

WAGONJWA WANAOSAFIRI

Hewa ile ya metre 2.400, ambayo haimusumbui mutu mwenyi nguvu, inaweza kumulemea mwenyi mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe ao na kifua kikuu, mwenyi ugonjwa wa moyo, mwenyi damu kidogo, na mutoto mwenyi SS. Usiseme: «Nikiwa nyumbani ninapumua vizuri.» Nenda kwa muganga mbele ya kununua tikiti. Atapima oksijeni ya damu kwa chombo kidogo cha kubana kidole. Ikihitajika, atajaza karatasi ya kuomba oksijeni kwa kompanyi ya ndege. Kompanyi nyingi zinataka habari hiyo masaa 48 mbele ya safari, ao zaidi.

Usipakie chupa yako ya oksijeni katika ndege bila ruhusa ya kompanyi. Na popote penyi oksijeni, kumbuka wanayojua wafundi wa kuunganisha chuma kwa moto: mafuta na grisi visiguse bomba wala kifungo chake, na sigara ikae mbali.

Mwenzi, wahudumu wa ndege wanapoonyesha kinyago, weka gazeti chini na uangalie. Bibi na watoto nao waangalie. Ni kazi ya dakika mbili. Hewa ikitoka katika ndege, hautapata nafasi ya kujifunza.