Bunia: kulipa minervali ni mwanzo tu

Mwaka wa masomo unapokaribia, magari yanayoingia Bunia kutoka Mahagi, Aru na Mambasa hubeba, pamoja na mizigo ya biashara, godoro lililokunjwa, mfuko wa unga wa muhogo na kijana mwenye diploma ya serikali ndani ya bahasha. Anakuja kujiandikisha. Wengine wanaelekea Chuo Kikuu cha Bunia, UNIBU. Wengine wanakwenda ISP, chuo cha serikali kinachotayarisha walimu wa shule za sekondari katika jimbo la Ituri. Wenye uwezo kidogo zaidi huulizia vyuo vya watu binafsi, kama Chuo Kikuu Shalom cha Waprotestanti.

Kuhusu pesa ya kujiandikisha na minervali, familia nyingi hujua mapema. Wizara hutoa maagizo, chuo hubandika bei ukutani, mtu analipa benki kwa vipande na kuleta risiti. Mjomba anauza mbuzi, kaka anatuma kidogo kwa simu, mama anapokea zamu yake ya likelemba. Pesa inapatikana, na nyumbani watu wanapumua.

Wanapumua mapema mno. Kile ambacho hakibandikwi ukutani ni chumba, chakula, maji, mwanga wa usiku, mega za intaneti, fotokopi za silabusi na pikipiki ya kurudi nyumbani kama somo limechelewa. Gharama hizo hazina risiti wala kipande cha mwisho. Na ndizo zinazowatoa wengi chuoni kabla ya mitihani.

Haikuwa hivi siku zote. Vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa mwaka 1971 kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, mwanafunzi wa Zaire alihesabiwa kuwa mtoto wa serikali. Alipata bursa, kitanda katika nyumba za wanafunzi zilizoitwa homu, na sahani ya chakula kwenye mkahawa wa chuo. Wazee waliosoma wakati huo bado wanasimulia habari za nyama ya Jumapili. UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, na miaka ya 1990 ilipofika, huku serikali ikishindwa kulipa hata mishahara, bursa na mikahawa vilikufa kimya kimya. Mzigo ukahamia kwa wazazi, na haujarudi. Kisha Ituri ikaingia katika vita vya 1999 hadi 2003, vilivyofika katikati ya Bunia kwenyewe, mpaka jeshi la Ulaya la operesheni Artemis likatumwa mjini Juni 2003. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule anaweza leo kuwa ameketi darasani ISP ao UNIBU.

Kwa hiyo huduma za chuo, kwa mwanafunzi wa leo, ni mji wenyewe. Chumba anakitafuta katika kata: Mudzipela, Nyakasanza, Saio, Bankoko, Lumumba, popote bei inapomruhusu. Mwenye nyumba anataka garanti ya miezi kadhaa kabla ya kutoa ufunguo, na garanti hiyo mara nyingi ndiyo pesa kubwa kuliko zote ambazo kijana amewahi kushika mkononi. Wanakaa wawili, watatu, hata wanne katika chumba kimoja na kugawana jiko. Kila anayekaa karibu na chuo analipa zaidi kwa mwezi, na anayekaa mbali analipa kwa miguu ao kwa pikipiki. Kwa msichana hesabu hiyo ni nzito zaidi. Chumba cha bei nafuu mwisho wa mtaa, choo kikiwa nje ya uzio na barabara ikiwa haina taa, si cha bei nafuu kwake. Mzazi anayemwelewa binti yake humlipia kilicho karibu, ao humpeleka kwa shangazi, ambako atasoma baada ya kupika, kuosha vyombo na kulaza watoto.

Chakula ndicho kinachoonyesha wazi zaidi namna vita vinavyoingia darasani bila kupiga risasi. Zamani mwanafunzi wa Djugu ao Irumu hakununua unga. Kila baada ya wiki mbili ao tatu mfuko ulimfikia kutoka nyumbani: muhogo, maharagwe, mahindi, na kwa wale wa pwani ya Ziwa Albert, huko Tchomia na Kasenyi, samaki wadogo waliokaushwa. Bugali na sombe vilipatikana bila kufungua mfuko wa pesa. Tangu mwisho wa mwaka 2017, mashambulizi ya CODECO na vikundi vingine vya silaha yaliwatoa watu wengi mashambani katika Djugu, na hali ya Irumu upande wa kusini haikuwa nzuri zaidi. Shamba likiachwa, mfuko haufiki. Na mzazi aliyekuwa akimlisha mwanafunzi kutoka kijijini, leo huenda yuko Bunia, katika hema, akingoja yeye mwenyewe kulishwa.

Hapo jina la ISP limepata maana ya pili. Moja ya kambi za watu waliohama makwao mjini Bunia inaitwa ISP, kwa sababu ya ujirani wake na chuo. Ukisikia ISP kwenye redio, subiri sentensi ya pili: huenda ni habari za mitihani, huenda ni za mvua iliyoharibu mahema. Kuna kambi nyingine pia, kama Kigonze. Walio humo hawabaki kwa kupenda. Kambi zilizo karibu na vijiji vyao zimeshambuliwa pia: Plaine Savo, Februari 2022, watu karibu 60 waliuawa, na Lala, Juni 2023, zaidi ya 40, vyote katika Djugu. Hivyo wanaojifunza namna ya kufundisha watoto wanasoma jirani na watoto ambao wengi wao masomo yao yalikatwa zaidi ya mara moja. Wapo pia wanafunzi wa masomo ya juu ambao familia zao ziko katika mahema, na ambao anwani yao ya kweli ni ya kambi.

Halafu kuna mwanga. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kwa miaka ya karibuni limekuwa kubwa kuliko zamani, na sababu yake iko Kinshasa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 wizara imepanua mfumo wa LMD katika vyuo vyote vya nchi. Graduat ya miaka mitatu na lisansi ya miaka miwili vikapisha lisansi ya miaka mitatu na masta ya miwili, na kila mwaka ukahesabiwa krediti 60. Krediti haihesabu tu saa za kumsikiliza mwalimu. Inahesabu pia saa ambazo mwanafunzi anasoma peke yake: kutafuta vitabu, kuandika kazi, kutayarisha maelezo. Ni wazo zuri, na limefanya kazi mahali ambapo mwanafunzi akitoka darasani anaingia maktaba yenye taa na intaneti.

Bunia saa hizo za peke yake huangukia usiku, ndani ya chumba cha watu watatu. Umeme wa mji unategemea kwa sehemu kubwa bwawa la Budana, kwenye mto Shari, lililojengwa wakati wa wakoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, na leo ni mali ya SOKIMO. Halikujengwa kwa ajili ya mji wa ukubwa huu. Kuna kata zinazopata umeme kwa zamu, kuna zisizo na waya hata mmoja. Aliye na umeme wa jua wa taa moja ni tajiri wa chumba. Wengine huchaji simu mchana kwenye kibanda, kwa franga chache, na usiku simu hiyo hiyo inakuwa tochi, maktaba na daftari, mpaka betri inapokwisha. Mega zikiisha kabla ya betri, kazi inaandikwa kwa kumbukumbu ya kichwa. Kwenye karatasi ya alama, aliyesoma saa nne usiku chini ya taa na aliyesoma dakika arobaini kwa tochi ya simu wamepewa krediti zile zile za kutafuta. Mageuzi yalifika Bunia, taa hazikufika nayo, na hilo si kosa la mwanafunzi wala la mwalimu wake.

Walimu nao wana safari yao. Vyuo vya Bunia havina madaktari wa kutosha, na masomo mengine hutegemea maprofesa wageni kutoka Kisangani, Kinshasa ao kwingineko. Barabara ya taifa namba 4, inayopita Komanda, imekuwa ya hatari kwa miaka, na ndege ina bei yake. Profesa akifika, anafundisha somo la semesta nzima kwa siku chache, asubuhi hadi jioni, kisha anarudi. Siku hizo mwanafunzi anayeuza mandazi asubuhi ao anayeendesha pikipiki baada ya saa sita hana nafasi ya kuchagua: aache kazi inayomlisha, ao aache somo ambalo halitarudi mwaka huo. Vibanda vya fotokopi tu ndivyo vinavyofurahi, kwa sababu kila mtu anataka silabusi siku moja.

Kinachowashika wanafunzi wasianguke wote ni wao wenyewe. Wanaotoka eneo moja hukutana katika mutuelle yao. Mtu akiugua, wanachanga. Akifiwa, wanachanga. Anayefika mara ya kwanza hulala kwa aliyemtangulia mpaka apate chumba. Likelemba za wanafunzi huzunguka kwa pesa ndogo, lakini zamu ikiangukia wiki ya kulipa kipande cha mwisho cha minervali, pesa ndogo hiyo ndiyo inayoweka jina la mtu kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mitihani. Katika vyumba wanagawana sufuria kwa zamu, na kuna sheria isiyoandikwa kwamba anayetayarisha utetezi wa kazi yake ya mwisho hapiki.

Kamati za vyuo zinajua hali hii vizuri, na ni haki kusema kwamba mikono yao imefungwa. Pesa inayolipwa na wanafunzi ndiyo inayotakiwa kuendesha karibu kila kitu: karatasi, ukarabati, safari ya profesa mgeni, nyongeza kwa wafanyakazi ambao mshahara wa serikali hauwatoshi. Akisamehewa mmoja, shimo linafunguka mahali pengine. Lakini kuna vitu visivyohitaji bursa ya zamani kurudi. Chumba kimoja chenye umeme wa jua, kikifunguliwa usiku chini ya ulinzi, kingebadilisha mwaka wa masomo wa mamia. Jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, mashirika ya misaada yamejaa mjini, na fedha za taa hazihitaji mkutano mkubwa.

Kwa wanafunzi wa ISP swali la mwisho liko mbele zaidi. Mwalimu mpya, hata akiwa na diploma mkononi, anaweza kufundisha miaka kadhaa bila kuingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Nchini kote wanaitwa N.U. na wasiolipwa, na wanaishi kwa kile ambacho wazazi wa sekondari wanaweza kutoa, kwani elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 inahusu shule za msingi. Wanafunzi wanalijua hilo tangu mwaka wa kwanza. Wanaendelea hata hivyo, kwa sababu diploma ni kitu ambacho hakiwezi kuchomwa na nyumba ikichomwa.

Wengine hawaendelei. Likizo inapofika, kuna vijana wanaopanda kwenda Mongbwalu kutafuta dhahabu, wakisema ni miezi miwili tu, pesa ya minervali ikipatikana watarudi. Kuna wanaorudi na kulipa. Na kuna ambao marafiki wao, semesta ya pili ikianza, wanatafuta mtu mwingine wa kugawana naye garanti ya chumba.